Polisi afundishwe farasi, au mtu wa farasi afundishwe upolisi?

Swali hili niliulizwa nikiwa nimeinama ubavuni mwa farasi, nakaza mkanda wa tandiko, mbele ya mabanda tunakofundishia watu kupanda huku Usa River, nje kidogo ya Arusha. Aliyeuliza ni ofisa wa polisi aliyekuja Jumapili na wanawe wawili. Watoto walikuwa wanazungushwa uwanjani, yeye kasimama kwenye uzio, mikono nyuma, kama yuko kwenye ukaguzi wa gwaride.

"Mwalimu," akasema, "tuseme umeletewa farasi kumi, ukaambiwa uwatafutie polisi wa kuwapanda. Ungechukua nani? Askari asiyejua farasi, au mtu wa farasi asiyejua uaskari?"

Nilimjibu bila hata kuinua kichwa: mtu wa farasi, afande. Nikaendelea na mkanda wangu.

Jibu lile lilikuwa la haraka, tena la kujipendelea, maana mimi mwenyewe ni mtu wa farasi. Nimelizungusha kichwani miezi kadhaa, nikawapitia mmoja mmoja wale niliowafundisha, na nimehama upande. Naandika hapa nilivyolinganisha, kwa sababu swali halitabaki kwenye uzio wetu. Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi, makao yake Dar es Salaam. Arusha inajengewa uwanja wa mpira kule Olmoti, wa watu 30,000, kwa ajili ya AFCON ya 2027 ambayo Tanzania inaiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Siku mtu atakapotaka farasi wa kukaa nje ya mageti siku ya mechi, ataanzia pale pale alipoanzia yule afande.

Halafu barabara yenyewe imekaa kimizani. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Moshi kuna Shule ya Polisi, ambayo watu wote wanaiita CCP, na askari wa vizazi na vizazi wamepikwa pale. Kati ya Usa River na miteremko ya Machame ndiko kuliko na mashamba yenye farasi wa kupanda: wa watalii, wa wenye mashamba, wa watu binafsi. Askari huku, farasi kule, na Coaster zinapita katikati kutwa nzima.

Mtu wa farasi anakuja na nini

Mkabidhi saisi, yaani mtunza farasi, aliye mzoefu banda la farasi kumi saa kumi na mbili asubuhi. Kabla hajagusa ndoo ya maji ameshajua nani ameamka vibaya. Anaangalia mavi: mangapi, makavu au laini. Farasi hawezi kutapika. Alichomeza lazima kipite chote njia moja, na kikikwama anapata msokoto wa tumbo unaoweza kumuua kabla jua halijazama. Banda lisilo na mavi mapya asubuhi ni kengele. Kisha anafunua mdomo, anabonyeza ufizi kwa kidole, anahesabu rangi inarudi baada ya muda gani. Anajua farasi mzima akiwa ametulia moyo unapiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na joto lake halizidi nyuzi 38.5.

Huku kwetu ujuzi huo ni wa kufa na kupona. Homa ya farasi ya Afrika inaenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaozaliana kwenye udongo wenye majimaji na kuuma kuanzia machweo hadi alfajiri. Farasi asiye na kinga akiipata homa hiyo, uwezekano wa kufa ni mkubwa kuliko wa kupona. Ukienda mabondeni chini ya Moshi, kwenye mashamba ya mpunga na miwa, baada ya mvua za masika, usubi umejaa tele. Arusha iko juu zaidi na baridi inasaidia kidogo, ila kidogo tu. Mtu wa farasi anajua hayo kama anavyojua jina la mama yake. Anaingiza wanyama bandani kabla ya magharibi, anafuatilia chanjo, anatoa kupe masikioni kwa vidole.

Na anapanda, bila shaka. Amekaa kwenye tandiko kama ametokea pale. Ukimpa farasi aliyeshtuka, mgongo wake haugandi, mikono haivuti. Miezi mitano ya mafunzo umeshaiokoa.

Ndiyo maana nilimjibu afande vile.

Tatizo nililiona siku ya gulio Tengeru. Nilikuwa na kijana mmoja, mwongoza watalii, mpandaji safi kuliko mimi, tunarudi na farasi wawili tuliokuwa tumewapeleka kwa fundi wa kwato. Mbele yetu bodaboda na fuso ya ndizi wamegusana. Watu wakajaa, sauti zikapanda, mmoja akashika jiwe. Farasi wangu akasimamisha masikio. Nikageuka kumtafuta mwenzangu, simuoni. Alikuwa ameshachepuka kichochoro cha nyuma ya maduka, anakwenda zake kwa hatua za taratibu, farasi wake katulia tuli.

Alifanya sawa kabisa. Kazi yake yote maishani ni kumwepusha farasi na shari. Amefundishwa kuona ghasia toka mbali na kutafuta njia ya kuzunguka, akiwa na mgeni nyuma yake ambaye hajui hata mguu unaingizwaje kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Polisi wa farasi analipwa mshahara kwa jambo lililo kinyume chake: akiona ghasia, ampeleke farasi huko huko, polepole, uso kwa uso, na amsimamishe pale. Ule mwelekeo wa mwili wa kugeuza hatamu, alioujenga miaka kumi, hutauondoa kwa semina.

Kuna na mambo ya makaratasi. Mtu wa farasi hajui kukamata mtu kisheria, hajui kuandika maelezo, hajawahi kusimama kizimbani akahojiwa na wakili juu ya alichokiona. Na hata umpende vipi, huenda mlango haumruhusu kuingia. Matangazo ya ajira za polisi yanataka umri wa ujana na angalau cheti cha kidato cha nne. Masaisi bora ninaowajua mimi wameishia darasa la saba na wanakaribia miaka arobaini. Ujuzi wao uko mikononi, na mikono haina cheti.

Askari naye

Askari aliyekaa miaka mitatu minne kwenye doria ya mjini ana kitu ambacho mimi sina na sitakipata. Anajua kusoma watu. Nilimwona mmoja stendi ya Arusha, mvutano wa abiria na mpiga debe, watu kama arobaini wamezunguka. Hakumwangalia anayepiga kelele. Alikuwa anamwangalia mtu wa pembeni aliyenyamaza, aliyeingiza mkono kwenye begi. Alimsogelea huyo kwanza, akamsalimia shikamoo, basi, jambo likaisha. Ningekuwa mimi ningetazama mdomo unaopiga kelele, kama watu wote.

Sasa mweke mtu huyo juu, macho yake yawe mita mbili na nusu kutoka ardhini. Anaona hadi nyuma ya kundi, na kundi lote linamwona. Hapo ndipo farasi ana thamani ambayo gari haina. Lakini thamani hiyo inategemea mtu aliyeko juu anatazama nini.

Askari ana sauti pia. Ana sheria kichwani, amezoea amri, saa, na kusimama lindo bila kulalamika. Amezoea kuchukiwa hadharani. Hili la mwisho watu hawalitaji, ila kwenye farasi ni kubwa: mwoga wa kutukanwa anakaza mapaja, na farasi anasikia mapaja kabla hajasikia tusi.

Ubaya wake uko kwenye mikono. Nimefundisha walinzi wa mashamba, wengi wao waliopitia jeshi au mgambo, na karibu wote walianza na kosa moja. Farasi akichelewa kugeuka, wanavuta. Akisita, wanavuta zaidi. Wanamchukulia kama Land Cruiser yenye usukani mgumu. Mmoja wao, mwanaume wa nguvu, alivuta hatamu siku ya pili mpaka lijamu, chuma cha mdomoni, ikamchubua farasi pembe ya mdomo. Farasi akarudi nyuma hatua tatu, akainua kichwa, akamtua chini kwenye matope mbele ya wenzake. Hakumrusha, alimtua tu. Jamaa akainuka anafoka, "Huyu mnyama hana nidhamu!" Nikamwambia farasi haoni cheo, afande, anaona mkono.

Mnyama wa kilo 500 huwezi kumshinda kwa misuli. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu duara zima isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia. Maumbile yamemweka upande wa wanaoliwa, siyo wanaokula. Jibu lake la kwanza kwa kila jambo ni kukimbia. Askari amefundishwa kusimama. Kazi yote ya mafunzo ni kuwafanya wawili hawa wakutane katikati.

Wenzetu walichagua nini

London ina polisi wa farasi tangu doria za Bow Street za karne ya 18. Zamani walitegemea sana watu waliotoka jeshi la wapanda farasi, yaani walichagua kama nilivyomjibu afande. Kisa maarufu kuliko vyote ni cha fainali ya Kombe la FA ya tarehe 28 Aprili 1923, Bolton na West Ham, mechi ya kwanza katika uwanja wa Wembley. Uwanja wa watu kama 125,000 ukafurika watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000, wakamwagika mpaka kwenye nyasi. Konstebo George Scorey na farasi wake Billy wakaanza kuwasogeza polepole, taratibu, mpaka mistari ikaonekana. Mechi ikachelewa dakika kama 45, ikachezwa. Walikuwepo farasi wengine uwanjani, lakini Billy alikuwa wa kijivu na kwenye picha za siku zile alionekana mweupe pee, kwa hiyo mechi yote ikaitwa kwa rangi yake.

Scorey alikuwa ametoka jeshi la wapanda farasi kabla ya kuingia polisi. Kwa hiyo ukitaka kunibishia, mtaje yeye. Nami nitakwambia alikuwa vyote viwili, na jeshi lile la kupigana juu ya farasi, la kutoa watu wa namna hiyo, halipo tena.

Leo vikosi vya Uingereza vinachukua askari waliokwisha kuwa kazini, waliomaliza kipindi cha majaribio, na kujua kupanda hakuwekwi kuwa sharti. London ina kituo chake cha kufundishia, Imber Court, tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kanada ndiyo inachekesha. Dunia nzima inawajua polisi wao kwa farasi na makoti mekundu, na bado kuruta wao hawafundishwi farasi tangu 1966. Kikosi cha wapanda farasi 32 wanaofanya maonyesho kwa muziki kinatokana na askari wanaojitolea baada ya kufanya kazi ya kawaida kwanza, na wengi wao hawajawahi kupanda kabla ya hapo.

Hayo hayakunigeuza peke yake. Mambo ya London yana mabanda ya London na bajeti ya London. Kilichonigeuza ni hesabu ya muda. Mtu mzima mwenye mwili wa kawaida, akipanda kila siku, namfikisha mahali pa kutoka naye barabarani kwa miezi minne hadi sita. Kumfundisha mtu kusoma kundi la watu, nifanye nini? Nimpeleke wapi? Hakuna uwanja wa kuzungushia hilo. Linapatikana kwa miaka, usiku, kwenye vituo vya mabasi na kwenye misiba iliyogeuka ugomvi. Ukiwa na vitu viwili, kimoja cha kufundishika kwa miezi na kingine kwa miaka, unanunua kile cha miaka kikiwa tayari.

Basi askari. Lakini yupi?

Hapa ndipo napotaka kukaa, maana ukikosea hapa utarudi kunilaumu.

Kwanza awe ameomba mwenyewe. Kikosi cha farasi kisiwe mahali pa kumtupa askari aliyemuudhi bosi wake. Farasi watalipa deni hilo.

Pili uzito. Kanuni ninayoitumia ni kwamba mzigo wote, mtu na tandiko na vifaa, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 500 ni kilo 100. Toa tandiko, redio, rungu, kofia ngumu, buti, unabaki na mtu wa kilo 80 na kitu. Wale mapande ya watu wanaopendeza kwenye gwaride, wengi wanaanguka hapa. Farasi wakubwa wa polisi wa Ulaya wana sentimeta 165 na zaidi kutoka ardhini hadi juu ya mabega. Wa kwetu wengi ni wa kuchanganya damu, wafupi na wepesi, na wanavumilia jua kuliko hao.

Askari wa kike nawachukua mapema. Sisemi kwa upole wa kuzaliwa, huo ni uzushi, nimefundisha wanawake wenye mikono ya chuma. Nasema kwa sababu tangu mwanzo wameshajua hawatamshinda farasi kwa nguvu, kwa hiyo hawapotezi mwezi wa kwanza wakijaribu.

Tatu, na hili ndilo ninalolitetea mpaka mwisho: wiki tatu za mwanzo hakuna tandiko. Brashi na koleo tu. Saa kumi na mbili kasoro uko bandani unazoa mavi. Unamsugua farasi kwa chanuo la mpira, mzunguko mzunguko kuanzia shingoni, kisha brashi ngumu, kisha laini. Unainua miguu minne na kuchokoa kwato kwa ndoano. Vitu hivi vinaonekana vya kitumwa, na baadhi ya askari watakwambia hawakuja jeshini kuwa wachunga punda. Hao wameshajichuja wenyewe, na hujawagharimia hata kikuku kimoja.

Wanaobaki, tazama mguu wa nyuma. Kuinua mguu wa nyuma wa farasi kuna siri. Unasimama umeelekea mkiani, bega lako limegusa paja lake, unateremsha mkono toka kiunoni mpaka chini bila kuuondoa, halafu unasubiri. Unasubiri. Farasi akihamisha uzito, mguu unakuja mwepesi kama wa mtoto. Askari wa aina moja anaushika na kuukwanyua, farasi anaukita chini, anaukwanyua tena, jasho linamtoka. Wa aina ya pili anaegemea, ananong'ona neno, anavuta pumzi moja ndefu, mguu huo. Mtihani wa kuchagua polisi wa farasi umeisha hapo. Mengine ni nyongeza.

Mmoja wa wanafunzi bora niliowahi kupata alikuwa mlinzi kutoka upande wa Monduli, hajawahi kugusa farasi. Amekua na punda wa kuchota maji. Watu walimcheka. Siku ya kwanza alisimama mbele ya banda karibu robo saa bila kuingia, anamtazama mnyama tu. Nikamuuliza anangoja nini. "Nangoja anione," akanijibu.

Usimkatae anayekiri kuogopa. Mkatae anayesema haogopi kitu.

Kufundisha

Kwenye kamba ndefu kwanza, mwalimu katikati, farasi anazunguka, askari hana hatamu wala vikuku. Mikono kiunoni. Hatua, kisha matiti, yaani mwendo wa mbio ndogo za kurukaruka, kisha hatua. Matiti ndiyo yanayotoa machozi: mrukoruko ule unamtafuta mtu mifupa ya makalio. Wiki kadhaa za hivyo na mgongo unalegea, mtu anaacha kujishikiza kwa hatamu. Shoti, yaani mbio kali, naichelewesha makusudi. Polisi wa farasi karibu hapigi shoti kabisa kazini, na askari wakishaionja hawataki tena kujifunza kutembea.

Kutembea ndiko kazi ilipo. Farasi anafundishwa kwenda kimshazari, miguu inapishana, ubavu mbele. Huwezi kumwingiza kifua kwenye kundi la watu, utakanyaga mtu. Unamleta ubavu, hatua kwa hatua, na watu wanarudi wenyewe kwa sababu ukuta unasogea. Yote hiyo kwa mkono mmoja wa hatamu, wa kushoto, kwa vile wa kulia una redio.

Baadaye vishindo. Hapa mwenye shule ya watalii na mwenye shule ya polisi wanaachana njia. Mimi nilizoea kumwondolea farasi vitu vya kumtisha. Kwa polisi unamletea: turubai linalopepea, mwavuli unaofunguka ghafla, ngoma, chupa tupu zinazovingirishwa chini ya miguu, magodoro ambayo askari wengine wanamsukuma nayo wakijifanya kundi. Na vya kwetu: bodaboda iliyotobolewa ekzosi, toyo iliyojaa mabati, vuvuzela, matarumbeta ya harusi nyuma ya pikapu. Unaanza mbali, unapunguza umbali siku hadi siku, na unaacha kelele wakati farasi ametulia, usiache wakati ametaharuki, maana atajifunza kwamba kutaharuki kunazima kelele.

Sheria moja haivunjwi. Askari mgeni hupanda farasi mkongwe, na farasi mgeni hupandwa na askari mkongwe. Mgeni juu ya mgeni ni kumpigia simu daktari mapema. Na hawatoki peke yao, wanatoka wawili wawili, mkongwe upande wa barabarani.

Farasi wenyewe, na mahali

Hili nalipitisha haraka. Mdogo wa miaka mitatu au mkubwa aliyekwisha kupandwa? Chukua mkubwa, wa miaka sita hadi kumi, dume aliyehasiwa. Akitunzwa atafanya kazi mpaka anakaribia ishirini. Mdogo utamlea miaka mitatu kabla hajakufaa. Watu wananiambia mdogo ni bei nafuu. Wajumlishe nyasi za miaka mitatu kwanza, farasi anakula karibu kilo mbili kwa kila kilo mia za uzito wake, kila siku ya Mungu.

Moshi au Arusha? Moshi ina shule, uwanja wa gwaride, nidhamu iliyokwisha kujengwa, na ofisi za kushughulikia makaratasi. Usa River na Arusha kuna ubaridi, malisho, usubi pungufu, mafundi wa kwato na masaisi. Ningewaweka farasi upande wa Arusha na kuwapelekea askari. Kumsafirisha askari ni nauli ya Coaster, kumsafirisha farasi ni lori, daktari na maombi.

Panapovuja

Kila njia ina tundu lake. Mtu wa farasi ukimfanya askari, siku moja mtalii atamwachia bahashishi ya dola inayozidi posho yake, naye ataaga. Askari ukimfanya mpanda farasi, siku moja itakuja barua ya uhamisho: ripoti Kigoma ndani ya siku kumi na nne. Miezi sita ya kamba ndefu, brashi na magodoro inapanda basi na sanduku lake. Kati ya matundu hayo mawili, la pili linazibika kwa kalamu ya mkubwa mmoja, akiamua kwamba anayeingia farasi anakaa miaka mitano. La kwanza sijui kalamu ya kuliziba.

Na masaisi wangu wa darasa la saba? Waajiriwe kama raia, wawe walimu na wasimamizi wa mabanda, walipwe kama mafundi. Askari aje na macho yake ya stendi, saisi awe na macho ya mavi na ufizi. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, walisema wahenga, nami naona ndivyo itakavyomtokea yeyote atakayetafuta mtu mmoja mwenye vyote. Ila kama una wiki sita tu, sherehe iko mlangoni na unataka farasi wa kusimama getini wapigwe picha, rudi kwenye jibu langu la kwanza. Chukua watu wa farasi, wavalishe sare, na usiwapeleke mahali penye watu wenye hasira.

Yule afande alirudi, safari hii bila watoto, ana sajini wa kike na vijana wawili. Nikamwambia nimebadili jibu. Akafurahi, akakunja mikono ya shati, akauliza atapanda farasi yupi.

Nikampa brashi. Akanitazama, akawatazama vijana wake, akaingia bandani. Baada ya nusu saa shati lake la bluu limejaa manyoya ya kahawia, anahangaika na mguu wa nyuma, na sajini wake amesimama mlangoni anamwambia kwa sauti ya chini, "Afande, usivute. Subiri kwanza."

Akasubiri.